Siku Redio Ilipokuwa Uwanja wa Majengo

Kabla ya runinga na simu, mtangazaji ndiye aliyekuwa macho ya shabiki. Je, kizazi cha leo kinajua kilichokuwa kikisikika barazani?

Mpenzi msomaji, hebu fumba macho kidogo. Ni Jumamosi alasiri katika miaka ya sabini. Ukungu unateremka kutoka Nyandarua, na Majengo ya Nyeri inanukia moshi wa makaa na maandazi yanayotolewa mafutani. Kwenye baraza moja watu kumi na watano, wazee kwa vijana, wamekizunguka kitu kidogo kilichovishwa ala ya ngozi. Hakuna anayezungumza. Mtoto akithubutu kuuliza, "Babu, nani amefunga?" jibu ni moja tu: "Nyamaza kwanza, mjukuu wangu, tusikie!"

Kitu hicho ni redio. Mawe yake yalianikwa juani tangu asubuhi ili yapate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Mwenye redio hana haja ya kuomba kiti wala kahawa, kwani siku ya mechi yeye ndiye mfalme wa mtaa.

Katika nchi nyingine kuna stesheni za redio zisizotangaza kitu kingine ila michezo. Mjini New York, kituo cha WFAN kilianza kazi hiyo tarehe 1 Julai 1987, na Waingereza waliipata Radio 5 Live ya BBC, ya habari na michezo pamoja, mnamo Machi 1994. Miji yetu ya Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru na Embu, haikungojea hayo. Kila mwisho wa juma redio ya taifa yenyewe iligeuka ikawa redio ya michezo kwa saa mbili, kisha ikarejea kwenye taarifa za habari na salamu. Historia ya saa mbili hizo ndiyo ninayotaka tuitazame leo, kwa sababu wanaoikumbuka wanazidi kupungua.

Habari iliyotoka angani

Redio iliingia Kenya mwaka wa 1928, nayo ilikuwa ya Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alianza kutangaziwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vilivyozuka mwaka wa 1939. Vijana wake walikuwa wamepelekwa vitani, na wazazi walihitaji kupata habari zao. Kwa hiyo tangu mwanzo redio kwetu haikuwa ya starehe. Watu waliisikiliza wakiwa na hofu moyoni.

Nyeri yenyewe ina kisa chake katika historia hii. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Asubuhi alirudi kwenye nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alikuwa amefariki dunia Sandringham, Uingereza. Uvumi ulipofika Sagana, Mike Parker, msaidizi wa mumewe, alifungua redio ya masafa mafupi akaitafuta BBC ili apate hakika. Basi, msomaji, redio ndiyo iliyothibitisha hapa karibu na Nyeri kwamba binti yule amekuwa malkia.

Kisa hicho kina uhusiano na michezo. Mwaka uliofuata, 1953, wapenzi wa magari walianzisha mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa malkia huyo. Waliyaita East African Coronation Safari, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo mashindano ambayo baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally.

Lakini mwaka wa 1953 wenyeji wengi wa Nyeri hawakuwa na nafasi ya kutazama magari. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, misitu ilikuwa uwanja wa vita, na baadaye watu walisukumwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Ni katika siku hizo serikali ya kikoloni ilipopanua utangazaji kwa Waafrika. Mwaka wa 1953 ilianzishwa idhaa ya Waafrika iliyotangaza kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kijaluo na lugha nyinginezo. Mwaka wa 1954 likaundwa shirika la Kenya Broadcasting Service lenye vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita kule Mombasa, kituo cha ziwani kule Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya papa hapa Nyeri.

Ndiyo, msomaji, Nyeri iliwahi kuwa na stesheni yake ya redio zaidi ya miaka arobaini kabla ya stesheni za FM za siku hizi. Haikuwa ya mpira wala ya mbio, bali ilikuwa sauti ya serikali katika nchi iliyokuwa vitani. Hata hivyo, ilisaidia kuwazoesha watu wa mlimani kusikia lugha zao zikitoka ndani ya sanduku.

Kadenge na mpira!

Uhuru ulipopatikana, serikali ilikichukua chombo hicho. Mwaka wa 1964 Shirika la Utangazaji likawa Sauti ya Kenya, au VOK kama wengi walivyoliita. Mwaka huo huo kijana mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alijiunga na shirika hilo. Jina lake ni Leonard Mambo Mbotela.

Wengi mnamfahamu kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka wa 1966 na kuendelea kwa miongo mingi. Lakini kwa mashabiki wa kandanda, Mbotela alikuwa sauti ya uwanjani. Kuna maneno matatu ambayo hata mtu asiyejua mpira anayajua: "Kadenge na mpira!" Mashabiki huyahusisha maneno hayo na sauti yake, akimfuata Joe Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa, aliyewahangaisha walinzi wa Afrika Mashariki. Kadenge alifariki Julai 2019, na Mbotela akamfuata tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Maneno yale matatu bado yanasikika mitaani.

Kwa nini yakadumu? Fikiri kidogo. Shabiki wa Majengo hakuwa akimwona Kadenge. Nairobi iko mwendo wa kilomita kama 150, na nauli ilikuwa mali. Alichokuwa nacho ni jina na sauti. Mtangazaji aliporudia jina mara mbili tatu huku sauti ikipanda, msikilizaji alijua mpira unasogea, hatari inakaribia na sasa ni wakati wa kusimama. Marudio yale yalifanya kazi ambayo kamera hufanya leo.

Waingereza walipoanza kutangaza kandanda redioni, Januari 1927, walichapisha katika gazeti la redio mchoro wa uwanja uliogawanywa kwa miraba yenye nambari. Mtangazaji alipotaja nambari, msikilizaji aliangalia mchoro akajua mpira uko wapi. Mtangazaji wetu hakuwa na mchoro wa kuwagawia watu. Alikuwa na Kiswahili, na Kiswahili kilimtosha.

Wewe mwanafunzi unayesumbuliwa na somo la nyakati, sikiliza tangazo moja la mpira utaelewa haraka. Mchezaji akiwa na mpira, mtangazaji husema "anakwenda, anakwenda, anatazama". Mambo yakishika kasi, hubadili: "akamlamba chenga wa kwanza, akampita wa pili, akaachilia mkwaju!" Ile "ka" haimpi msikilizaji nafasi ya kupumua. Kisha lipo lile neno moja refu ambalo halihitaji sarufi wala mwalimu, nalo ni goli.

Sauti ile ile, habari nyingine

Msomaji, mtu akikutangazia furaha kwa miaka mingi unamwamini kama ndugu. Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 haiwezi kusahaulika. Wanajeshi wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Waliiteka VOK, na kwa kuwa walitaka sauti ambayo wananchi wangeitambua mara moja, walikwenda nyumbani kwa Mbotela wakamchukua na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa.

Hebu jiweke mahali pa mtu wa Nyeri, au wa Nanyuki, mji wenye kambi ya jeshi la anga. Unafungua redio asubuhi ukitaraji nyimbo za dini. Unasikia sauti unayoijua, sauti ya "Kadenge na mpira", ikisema maneno ambayo hujawahi kuyasikia. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo, na Mbotela akaendelea na kazi yake kwa miaka mingi. Lakini waasi walikuwa wameonyesha jambo ambalo pengine sisi hatukuwa tumeliwaza, kwamba sauti ya mpira ilikuwa na nguvu kuliko bunduki kadhaa.

Jioni ya hesabu

Furaha kubwa kuliko zote ilikuja mwaka wa 1987. Kabla ya hapo palikuwa na kidonda. Mwaka wa 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, wakachapwa na Canon ya Yaoundé, Kameruni, jumla ya mabao 8 kwa bila katika mechi mbili. Shabiki aliyesikiliza mechi hizo redioni hakuhitaji picha ili aumie.

Kisha ikawa 1987, na kombe likaitwa kwa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani. Gor wakafika fainali tena, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis iliisha kwa sare ya 2-2. Marudiano yalikuwa Nairobi, Desemba. Yaliisha kwa 1-1.

Sasa hapo ndipo hesabu ilipoanza barazani. Jumla ni 3-3, mshindi ni nani? Sheria ya wakati huo ilisema mabao ya ugenini yana uzito zaidi timu zikitoshana. Gor walikuwa na mawili ya ugenini, Espérance walikuwa na moja. Kwa hiyo aliyesikiliza dakika za mwisho alijua kwamba sare hiyo ni ushindi, na kwamba bao moja tu la Watunisia lingegeuza kila kitu. Filimbi ya mwisho ilipolia, Gor Mahia ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara zima.

Unaweza kusema, "Lakini watu wa Nyeri wana uhusiano gani na Gor Mahia?" Hilo ndilo swali zuri. Siku za kawaida huenda hawana. Lakini mtangazaji wa Kiswahili hakumtangazia mtu wa kabila lake pekee. Alimwita msikilizaji "mwananchi", na kwa dakika tisini kila mtu aliitika. Majengo ililijua jambo hilo kabla ya wengine. Majengo ya miji yetu, kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, Meru na Embu, ilikaliwa na watu waliotoka pande mbalimbali wakakutana katika Kiswahili. Tangazo la mpira halikuwa likifasiriwa pale, kwani lilikuwa lugha ya nyumbani.

Tope la Pasaka

Ilipofika Pasaka, kandanda ilipisha magari. Kwa miaka mingi njia ya Safari Rally ilizunguka Mlima Kenya, ikapita Nanyuki, Meru na Embu. Hapa redio ilikuwa na kazi tofauti. Mpira una uwanja mmoja, lakini Safari ilikuwa na maelfu ya kilomita, na hakuna mtu aliyeweza kuiona yote. Watoto walisimama kando ya barabara wakaona gari likipita kwa nukta chache, wakabaki na vumbi au tope usoni. Kisha walikimbia nyumbani kuiuliza redio: aliyepita ni wa ngapi?

Redio iliwapa majina ambayo wazee bado wanayakumbuka. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka wa 1973 kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ian Duncan alishinda mwaka wa 1994. Patrick Njiru aliwapa watoto weusi wa Kenya dereva wao wa kumwiga ndani ya Subaru. Wazee watakusimulia pia miaka ya mvua ya 1963 na 1968, ambapo katika kila mwaka magari saba tu yalimaliza. Mwaka wa 1963 yalikuwa yameanza zaidi ya 80! Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake.

Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejea mwaka wa 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Mlima Kenya ukabaki kando, na shabiki wa huku akawa mtazamaji wa runinga kama shabiki wa Ulaya.

Mlima na mawimbi

Kuna jambo la kisayansi ambalo linafaa familia ilijue. Redio ya zamani ilitumia mawimbi ya kati. Mchana mawimbi hayo hufuata ardhi, hivyo hupanda na kushuka pamoja na mabonde. Usiku hupaa hadi tabaka la juu la hewa, yakarudishwa chini mbali sana. Ndiyo sababu jua likishatua, Radio Tanzania Dar es Salaam iliweza kusikika hadi huku. Wapenzi wa kandanda wakawajua Simba na Yanga, pamoja na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, bila kuvuka mpaka.

FM si hivyo. Sauti yake ni safi, lakini huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama katikati, huna redio. Stesheni za FM zilipoanza kuruhusiwa kwa watu binafsi katika miaka ya tisini, na nyingine zikaja za lugha za nyumbani kama Kameme mwaka wa 2000, ilibidi mitambo iinuliwe juu ya vilima. Tukapata uchaguzi mwingi. Lakini kila mtu akaenda na stesheni yake, na baraza ikagawanyika.

Kilichopotea ni kipi?

Msomaji, sikusudii kulilia zamani. Runinga ni nzuri, na simu ni nzuri zaidi kwa mtu aliye safarini. Lakini pita leo Majengo siku ya mechi kubwa. Vijana wamejaa mbele ya kioo wakitazama timu za Uingereza. Wanajua jina la kila mchezaji wa akiba wa Arsenal. Waulize nani anacheza Ruring'u Jumapili hii, watakutazama kama mgeni. Wengine mfukoni wana karatasi au simu yenye dau la kamari, na mpira kwao umekuwa hesabu ya pesa za karo.

Tazama kisa cha Catherine Ndereba, binti wa Nyeri. Tarehe 7 Oktoba 2001, kule Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imewekwa wiki moja tu kabla yake. Alishinda Boston mara nne, na ubingwa wa dunia mwaka wa 2003 na 2007. Je, mtoto wa Majengo anaweza kukusimulia hata kilomita moja ya mbio hizo? Sifa tuliipata, ila masimulizi yake kwa sauti yetu ni haba. Mchezo usiosimuliwa husahaulika upesi, hata kama kikombe kipo kabatini.

Na zipo hasara nyingine ndogo zinazouma. Mzee asiyeona aliweza kuufuata mpira wa redio sawasawa na mwenye macho, lakini mbele ya runinga analazimika kumwuliza mjukuu. Mama aliyekuwa jikoni aliisikia mechi huku akisonga ugali. Redio haikumtoa mtu kazini wala haikumtoza kiingilio.

Basi tufanye nini? Mambo mawili yako ndani ya uwezo wa kila familia. Kwanza, keti na babu, nyanya au mjomba wako aliyesikiliza fainali ya 1987 au Safari ya tope, umwombe akusimulie, nawe urekodi kwa simu hiyo hiyo unayochezea. Mwulize alikuwa ameketi wapi, redio ilikuwa ya nani, mawe yaliisha dakika ya ngapi. Watangazaji wanaondoka mmoja mmoja, na wasikilizaji wao nao hawatakaa milele.

Pili, ninyi wanafunzi, timu ya shule yenu ikicheza, mmoja wenu asimame kando ya uwanja na kuitangaza kwa Kiswahili tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama wanaomsikia ni watatu. Atagundua kwamba kazi hiyo ni ngumu, na kwamba lugha yake ina maneno mengi kuliko alivyodhani.

Jioni moja nyumbani, zimeni runinga mechi ikiendelea, mfungue redio. Wape watoto dakika kumi. Watalalamika kwanza, kisha mmoja ataanza kuuliza mpira uko upande gani. Akiuliza, usimjibu haraka. Mwambie anyamaze kidogo, asikie.